Simu isiyomtambua mwenyewe

Wazazi wa Kamatanda wametuuliza zaidi ya mara moja juu ya jambo hili. Simu ilianguka, kioo kikavunjika, fundi akaweka kipya. Sasa simu inalia, inapokea habari, inaonyesha picha vizuri. Lakini mwenyewe aiinuapo mbele ya uso wake ili ifunguke kama zamani, haimtambui. Humtaka aandike tarakimu zake za siri kana kwamba ni mgeni. Ndipo maneno huanza. Mwenye simu asema fundi ameiba kifaa kizima na kutia kibovu. Fundi ajibu kwamba simu ililetwa ikiwa imekwisha kuharibika. Na watu wawili waliokuwa wakipeana mkono mlangoni mwa kanisa kila Dominika, leo hupitana bila salamu.

Kabla ya kumshitaki mtu, yafaa kujua jinsi simu inavyotambua uso. Ziko namna mbili, wala hazifanani.

Simu nyingi za watu wetu, kama Tecno, Itel na Infinix, hutumia kamera ya mbele tu. Kamera huchukua sura yako na kuilinganisha na ile uliyoiweka siku ya kwanza. Basi, kila kitu kizuiacho kamera isione vema huharibu kazi hiyo: ngozi ya plastiki ambayo haikubanduliwa juu ya kioo kipya, gundi iliyomwagika kidogo penye tundu la kamera, au vumbi lililoingia fundi alipokuwa akifungua. Nasi wa Likasi twalijua vumbi la kiangazi. Wale wachimbao shaba na kobalti kwa mikono huko Kamatanda walijua zaidi. Fungua kamera ya mbele, ujipige picha mchana penye mwanga. Picha ikiwa na ukungu, kosa li katika kioo au uchafu. Ikiwa nyeusi kabisa, yaelekea waya wa kamera haukushikizwa barabara, na fundi aweza kuurudisha kwa dakika chache. Ikiwa safi, zima simu, uiwashe tena, ufute uso uliowekwa zamani, kisha uuweke upya. Mara nyingi shauri huishia hapo.

Simu za iPhone ni habari nyingine. Tangu ile iitwayo iPhone X, iliyotoka mwaka 2017, nyingi kati yake hupima uso kwa nuru isiyoonekana kwa macho yetu. Kijitaa kimoja huangaza uso wote, hata gizani. Kifaa cha pili hutupa juu yake alama zaidi ya 30,000. Nayo kamera ya pekee husoma alama hizo na kujua mabonde na vilima vya uso. Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Katika simu hizo, tangu iPhone X hata iPhone 12, kile kijitaa cha kwanza hakikai pamoja na wenzake ndani ya mwili wa simu. Kimeshikamana na kioo, katika utepe mwembamba pamoja na kile kitoacho sauti sikioni. Fundi abadilipo kioo hana budi kuubandua utepe huo katika kioo cha zamani na kuuhamishia katika kipya. Ni mwembamba mno: ukikunjwa vibaya, ukipata joto kupita kiasi au maji, basi umekufa. Wala haisaidii kuchukua utepe wa simu nyingine, maana kila simu imefungamanishwa kiwandani na utepe wake yenyewe. Wa jirani utatoa sauti, lakini uso hautatambuliwa.

Kwa hiyo, fundi akikuambia, “Nipe kile kioo cha zamani,” usidhani anatafuta hila. Na wewe usikitupe kamwe kabla simu haijajaribiwa, kwa kuwa huenda kitu unachokililia kimebaki juu yake.

Kuna jaribio moja jepesi. Piga simu, uiweke sikioni: kioo chapaswa kuzimika chenyewe. Kisipozimika, na uso nao hautambuliwi, yaelekea ule utepe ndio wenye ugonjwa, kwa sababu kifaa kinachohisi sikio kimo humohumo.

iPhone 13 ya mwaka 2021 ilileta fitina ya namna yake. Fundi wa nje ya kampuni alipoweka kioo kingine, hata kwa mikono safi kabisa, simu ilikataa uso, ingawa hakuna kilichovunjika. Mafundi wa nchi nyingi walilalamika, na kwa maoni yetu walikuwa na haki: mtu akiinunua simu kwa jasho lake, mbona achaguliwe mlango wa fundi? Kampuni ya Apple ilisikia, na katika Desemba mwaka uleule ikatoa programu mpya, iOS 15.2, iliyoondoa kizuizi hicho. Mwenye iPhone 13 ambayo bado ina programu ya kale kuliko hiyo na aifanye mpya kwanza.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nayo yamhusu mwenye simu sawasawa na fundi. Njia ya haki ni hii: kabla simu haijafunguliwa, ijaribiwe mbele ya wote wawili, uso na sikio na kamera. Ikiwa kioo kimekufa kiasi kwamba haiwezekani kujaribu, wasemezane hivyo waziwazi, maana anguko lenyewe laweza kuua utepe, na hapo hakuna awezaye kuapa. Fundi akitaka tarakimu zako, kaa karibu naye uziandike wewe mwenyewe.

Akina mama wengine wametuambia wanaogopa kwamba ada ya shule iliyomo katika M-Pesa au Airtel Money imepotea pamoja na uso. Haikupotea. Fedha hizo zina namba yake ya siri, mbali na ile ya simu, tena zinafuata laini wala si kioo. Hatari kubwa zaidi ni kuisahau tarakimu ya simu kwa sababu uso ulikuwa ukifungua kila siku. Hata simu nzima huidai kila inapozimwa na kuwashwa. Na mume aliyefariki hawezi kuifungua kwa uso wake, maana iPhone hungoja macho yaitazame. Tumewaona wajane wakiishika simu yenye picha zote za watoto, wasiweze kuingia. Baba na mama wa nyumba moja na wajuane tarakimu.

Na kama utepe umekufa kabisa, usilipe mara ya pili kwa ajili yake. Simu hiyo itaendelea kupiga, kuandika na kutuma fedha. Utaifungua kwa vidole, kama tulivyofungua simu zetu zote kabla ya mwaka 2017.