Mafuta Yaliyofika Saanane

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 huelezwa kwa kawaida kama ugomvi wa Mwalimu Nyerere wa Tanzania na Idi Amin wa Uganda, na maelezo hayo si ya uongo, kwani Amin alivuka mpaka huku jeshi lake mwenyewe likiwa limeanza kumwasi. Ila hayasemi ni nani aliyempa nguvu za kupigana kwa miezi mitano na zaidi.

Jibu linaanzia kwenye mafuta. Kampuni ya Kimarekani ya Esso iliyagundua huko Zelten, nchini Libya, mwaka 1959, na muda si muda nchi hiyo ya jangwa ikawa muuzaji mkubwa kwa Ulaya. Muammar Gaddafi, aliyetwaa madaraka mwaka 1969, alitaifisha, yaani alizifanya mali ya serikali, baadhi ya kampuni za mafuta, lakini magari ya Ulaya yaliendelea kujazwa mafuta yale yale, Umoja wa Kisovieti ukamuuzia silaha, na Amin, baada ya kuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1972, akapata fungu lake kutoka kwa Gaddafi. Askari wa Libya walipigana Lukaya, nchini Uganda, mwezi Machi 1979, na mwishoni mwa mwezi huo ndege yao aina ya Tupolev ilitumwa Mwanza kulipua bohari ya mafuta. Ilikosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, bustani ya wanyama iliyo karibu na ufukwe, yakaua swala waliotunzwa humo ili wananchi wawaone.

Asidhani mtu kwamba hayo yamepita. Mafuta yalipothibitishwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, haikupita hata miaka miwili kabla majeshi ya Uganda na Kongo hayajarushiana risasi, na kisiwa cha Rukwanzi ziwani humo, makao ya wavuvi, kikawapeleka marais wawili mezani Ngurdoto, Arusha.

Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambamo TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa 62 kwa mia, linaingia Tanzania karibu na Mutukula, njia ile ile ya majeshi ya 1978. Kwa hiyo wananchi wa Missenyi, Geita na Mwanza wadai mikataba isomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji; waulize ni nani atakayeamua serikali zikikosana juu ya ada ya kupitisha mafuta, na ni nani atakayeshika bunduki kulilinda bomba; na wabunge wa Kanda ya Ziwa wayapeleke maswali hayo Dodoma katika kila kikao cha bajeti ya nishati.