Picha Yangu Bora Kuliko Zote Sitaki Tena Kuionyesha

Mnisamehe kwa ukimya. Boksi lilinibana, na siku chache za mapumziko nilizopata nilikuwa kando ya mto na kamera yangu. Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu: kupiga picha ndege. Sisemi ndege zile za Heathrow, nasema ndege hawa wenye manyoya. Mama yangu kule Tanga mpaka leo haelewi. Juzi nilimwambia kwenye simu kwamba nimeamka saa kumi alfajiri kwenda kumngojea bundi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huko hakuna hata mtu wa kukusomea dua?"

Tucheke, lakini leo nina jambo zito kidogo. Watu wengi tunadhani kamera haina madhara kwa vile haitoi risasi. Mimi nasema picha inaweza kuua ndege. Na sisemi kwa kusoma tu. Picha ya namna hiyo ninayo, na niliipiga kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa Mei 2019. Hapa Leicester tuna mto unaoitwa Soar, na katika mto huo yumo mdiria, yule ndege mdogo mvua samaki. Mgongo wake ni wa buluu inayong'aa, kifua rangi ya chungwa, na uzito wake ni kama gramu 40 tu. Anajitupa majini kama jiwe na kuibuka na samaki mdomoni. Akipita karibu yako unaona mstari wa buluu, basi, kwisha habari. Kila mpiga picha wa ndege hapa Uingereza anamtamani yeye.

Siku hiyo nikapata mahali pazuri: ukingo uliosimama wima kama ukuta, na mbele yake tawi limeinamia maji. Nikakaa kama mita tano tu kutoka hapo na lenzi yangu ya mtumba ya milimita 400. Haikupita nusu saa mdiria akatua kwenye tawi na samaki mdomoni. Jamani! Nikabonyeza, nikabonyeza. Yule ndege hakummeza samaki. Akawa anageuza kichwa, analia, anaruka, anarudi palepale na samaki yuleyule. Nikasema leo nimepata ndege mwenye adabu, anapozi kama bibi harusi. Nilikaa karibu saa mbili, nikarudi nyumbani na picha zaidi ya mia sita.

Moja niliiweka kwenye mtandao, sifa zikamiminika. Nikaichapisha kubwa na kuitundika sebuleni. Kila mgeni aliyekuja kula pilau kwangu alisimamishwa mbele yake kabla hajakaa.

Miezi michache baadaye nilikuwa Rutland Water, kwenye kibanda cha kuangalizia ndege, nikakaa na mzee mmoja wa Kiingereza. Kwa fahari nikamwonyesha picha ile kwenye simu. Aliitazama sana. Hakusema nzuri. Aliniuliza, "Ulikaa hapo muda gani?" Nikamjibu. Akauliza tena, "Unaona samaki alivyoshikwa?"

Sikuwa nimeona. Samaki alibebwa kichwa kikiangalia mbele, nje ya mdomo. Mzee akanieleza kwa upole, bila kunigombeza. Mdiria akitaka kula mwenyewe, humgeuza samaki ili kichwa kitangulie kooni kwake. Akimbeba kichwa kikiangalia nje, huyo ni wa kumlisha mwingine, ama mwenzi wake ama makinda. "Kwa mwezi Mei, na kwa ukingo kama huo," akasema, "nadhani ulikuwa umekaa mlangoni kwake."

Mdiria hajengi kiota juu ya mti. Huchimba shimo kwenye ukingo wa mto, na mwisho wa shimo hilo hutaga mayai sita au saba. Kinda mmoja anaweza kula samaki 12 hadi 18 kwa siku, kwa hiyo wazazi hawana muda wa kupumzika. Mtu akikaa karibu, mzazi haingii. Makinda wakipigwa na njaa na baridi muda mrefu huishiwa nguvu, wanaacha kulia. Hapo ndipo penye balaa: mzazi akirudi akakuta kimya, hudhani wameshiba, hawalishi tena. Wanafia ndani ya udongo, na mwenye kamera yuko nyumbani anahesabu sifa.

Wale wa kwangu kama walipona ama la, sitajua kamwe. Picha niliishusha ukutani jioni ileile.

Halafu nikaja kujua kwamba hata sheria nilikuwa naichezea. Sheria ya wanyamapori ya hapa, ya mwaka 1981, inamlinda mdiria kwa namna ya pekee, yeye na bundi mweupe na wengine kadhaa. Kumsumbua kwa makusudi au kwa kutojali akiwa kwenye kiota au karibu nacho ni kosa la jinai. Ukitaka kumpiga picha kiotani unahitaji kibali.

Najua wapo watakaosema picha ndizo zinazowafanya watu wawapende ndege. Sikatai. Utotoni mimi nilitembea na manati shingoni, shomoro na njiwa wa mtaani kwetu walinijua. Kamera ndiyo iliyonifundisha kumwangalia ndege akiwa hai. Lakini nikijichunguza naona tamaa ni ileile: nimpate, nikawaonyeshe wenzangu. Manati niliiacha Tanga, tamaa nikapanda nayo ndege nikaja nayo huku.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kubeba kamera, nasoma kwanza huyo ndege yuko kwenye msimu gani. Akiacha shughuli zake akawa ananiangalia mimi na kulia, naondoka. Simchezei sauti ya ndege mwenzake kwenye simu ili aje, maana anadhani amevamiwa na anaacha kazi zake kuja kupigana na simu. Na penye kiota sipataji. Kumbukeni kwamba picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, ukiirusha umewachorea watu ramani. Ndiyo maana hata leo sijawaambia ni kipande gani cha mto Soar.

Mwaka huu nina picha moja tu ya mdiria. Niliipiga nikiwa mbali, upande wa pili wa mto, naye ametokea mdogo kama punje ya mchele. Mke wangu aliitazama akaniuliza, "Sasa ndege mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwake.

Sijui wadau wenzangu wenye kamera mnasemaje, hasa ninyi mlioko nyumbani, ambako ndege ni wengi kuliko huku. Naomba kutoa hoja.