MAONI YETU: MKATAJI NAYE NI FUNDI



Shule zinafunguliwa Januari, na kikundi chetu cha ushonaji kina oda ya kaptula 200 za kaki. Cherehani zinalia tangu asubuhi, na kila apitaye anawasifu washonaji. Ni haki yao. Lakini yuko mwenzetu mmoja asiyesifiwa, naye ni mkataji. Wengine husema, "Ah, yule anakata tu!" Tena malipo yanafuata idadi ya nguo zilizoshonwa, naye anagawiwa kinachobaki.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kaptula moja inachukua sentimita 80 za kitambaa. Mkataji akipoteza sentimita 10 kwa kila kaptula, kwa kaptula 200 tumetupa mita 20. Hizo ni kaptula 25! Faida ya ushirika imelala sakafuni, inangoja ufagio.

Mkataji mzuri hakurupuki. Kaki ya pamba huiloweka kwanza na kuianika, maana ikifuliwa hurudi. Halafu hufuata uzi wa urefu, ule unaokwenda sambamba na ukingo wa jora. Akikata upande, mguu wa kaptula utajipinda baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Vipande vikubwa huvipanga kwanza, mifuko na mikanda huiingiza kwenye nafasi zilizobaki. Ndipo huchora kwa chaki, akiacha nafasi ya mshono. Mshono mbaya utafumuliwa, urudiwe. Kitambaa kikishakatwa vibaya, basi tena: maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sisi tunamkatishia wapi? Chini, juu ya mkeka! Na mkasi wake watu wanauazima kukatia karatasi, hata waya. Mkasi butu husukuma kitambaa. Ukikata vitambaa viwili pamoja, havitoki sawa. Halafu lawama anabeba nani?

Kwa hiyo tunaomba mkutano wa Jumamosi uamue haya:

1. Itengenezwe meza ya kukatia, ndefu, ya kufika kiunoni.
2. Mkasi wa kitambaa uwe wa kitambaa tu. Asiuazime mtu, hata Mwenyekiti.
3. Mkataji alipwe kwa kila nguo, kama wenzake.
4. Vijana wawili wakae naye wajifunze. Leo akiugua, cherehani zote zitanyamaza.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Njooni wote mkutanoni.

USHIRIKA NI NGUVU!

Kamati ya Gazeti la Ukutani