Wandayi alipinga VAT ya mafuta. Kisha akapewa wizara ya mafuta

Nianze kwa kukiri. Juni 2023, Mswada wa Fedha ukiwa Bungeni, mimi nilikuwa busy nakata klipu za waheshimiwa wa Azimio na kuziposti. Mheshimiwa akipandisha sauti, naweka maandishi mekundu chini, watazamaji wanajaa. Nilikuwa na uchungu wangu pia: mswada ulitaka kukata 15% ya pesa zetu sisi wa kontenti. Mwishowe ikashushwa hadi 5%, na hiyo 5% bado inauma, ukikumbuka bando ulinunua mwenyewe.

Opiyo Wandayi, wakati huo Mbunge wa Ugunja, ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Wachache. Upande wake uliupinga mswada, na hoja iliyonishika zaidi ilikuwa ya mafuta. VAT ilikuwa inatoka 8% kwenda 16%. Hebu piga hesabu: kama lita ni bob 160 kabla ya VAT, ile 8% ni bob 12.80, na 16% ni bob 25.60. Na wewe usiye na gari usijidanganye eti hayakuhusu. Lori linaloleta viazi kutoka Nyandarua linakunywa dizeli. Matatu yako ya asubuhi pia. Trekta iliyolima yale mahindi ya unga wako, hivyo hivyo. Hoja yao ilikuwa sawa, na mimi mpaka leo naiona sawa.

Mswada ukapita. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, nao 25 Juni 2024 ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106 huku sisi tukiwa barabarani. Kuna waliotoka asubuhi hiyo na hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais akasema hautii sahihi. Kufika Agosti, Wandayi anaapishwa Waziri wa Kawi na Petroli, na John Mbadi, mwenzake wa ODM, anapewa Hazina ya Kitaifa.

Mwaka mzima ukapita hapo. VAT ya mafuta ilibaki 16%.

Najua mtakachoandika kwa komenti: walinunuliwa. Labda. Lakini hiyo stori naiona fupi sana, na inatuacha sisi wasafi kuliko tulivyo. Nilirudi nikaangalia klipu zangu za 2023, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja yenye mtu akieleza pesa zitatoka wapi kama si kwa mafuta. Pengine walieleza na ni mimi niliyekata hiyo sehemu. Hesabu haitrendi, wasee.

Na serikali ikikosa pesa mlango huu, inaingia ule mwingine. Julai 2024, mswada ukiwa umekufa na sisi bado tunasherehekea na kuomboleza kwa pamoja, ada ya kutunza barabara ikapanda kutoka bob 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Bila zile kura tulizokuwa tunahesabu kwa TV. Unaona sasa? Kusema "hapana" kwa kodi moja hakukatai matumizi yanayoilipia.

Matumizi yenyewe hujadiliwa mapema. Makadirio ya bajeti hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, kamati zinayapitia Mei. Hapo ndipo mpinzani anaweza kusema toa hii safari, toa haya magari, toa huu ukarabati wa ofisi, halafu akifika Juni anakuwa na nguvu ya kusema basi VAT ya mafuta ishuke. Lakini Mei sisi hatuko. Tunaamka Juni, kamera inawaka, na mheshimiwa anajua tunataka nini.

Kwa hivyo klipu zangu zitaanza Mei. Mbunge yeyote wa upinzani atakayesimama kulia juu ya bei ya mafuta, nitaweka machozi yake na nitaweka karatasi yake: anakata wapi, shilingi ngapi. Kama hana karatasi nitaposti hivyo hivyo, na niandike kwamba hana.

Na kwako Mheshimiwa Wandayi, swali langu halina matusi. Ile hoja ya 2023 ilikuwa na kosa gani? Kama haikuwa na kosa, ulipoingia kwenye Baraza la Mawaziri uliisema mara ngapi?