Gari la Marehemu Mzee

Katika nyua za nyumba nyingi, mjini na shamba, limesimama gari ambalo halikuwashwa tangu mwenyewe alipofariki. Magurudumu yamelala chini, kuku hutaga katika kiti cha nyuma, na masika kadhaa yamepita juu yake. Mama wa nyumba hataki liguswe. Kaka mkubwa ataka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na kijana wa mwisho asema, "Niachieni mimi, nitalitengeneza hapa hapa nyumbani." Mwezi huu twapenda kulizungumza jambo hili, maana si jambo la vyuma tu. Ndani yake mna haki za watu, mna mali, mna hatari, na mna mafunzo ambayo kijana hayapati darasani.

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tushike gari moja lijulikanalo sana katika nchi zetu: Peugeot 404, ambayo wazee wetu waliiita Pijo. Gari hili lilitolewa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na saluni yake iliendelea kuundwa huko hadi mwaka 1975. Afrika Mashariki ililipenda kwa sababu ilikwisha liona likijaribiwa. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na yaliyorudi yalikuwa 7 tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff katika 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, katika gari la namna hiyo hiyo. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walishinda tena, na mara hiyo pia yaliyomaliza yalikuwa 7. Basi si ajabu mzee aliyeweza kununua gari siku zile akalichagua hili, na si ajabu kuwa lingali uani.

Lakini kabla ya kuuliza kama gari laweza kutengenezeka, yapasa kuuliza ni la nani. Hapa ndipo jamaa wengi wanapojikwaa. Mtu akifa, gari lake si la mtoto mwenye spana, wala si la yule anayekaa katika nyumba ile. Ni sehemu ya mali aliyoiacha. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha kila mrithi hupewa fungu lake: mjane, mabinti, wana, na wazazi wa marehemu wakiwa hai. Binti aliyeolewa mbali ana haki katika gari lile kama aliyebaki karibu.

Basi jamaa na wakae kitako, walithamini gari kwa hali lilivyo leo, yaani bovu na lenye kutu. Anayelitaka ama ahesabiwe thamani ile katika fungu lake, ama awalipe wenziwe, ama wale waliokwisha baleghe wamwachie kwa ridhaa zao. Mtoto mdogo hawezi kusamehe haki yake, wala hapana wa kuisamehe kwa niaba yake. Fungu lake lazima lihifadhiwe. Yakisha hayo, yaandikwe mbele ya mashahidi, na kadi ya gari ibadilishwe jina. Pengine mtu atasema kwamba haya ni mazito mno kwa gari lisilotembea. Twamjibu kwamba gari lisilotembea ndilo hasa la kuandikiana. Leo halina bei, kila mtu asema "chukua". Baada ya miaka mitatu ya jasho na fedha ya mtu mmoja, gari latoka liking'aa, na wale wale wasema "gari la baba yetu". Ugomvi wa namna hiyo huvunja udugu, na udugu hauna vipuri.

Jambo la pili ni kipimo cha fedha na wakati. Hapana kijana mwenye haki ya kununua kioo cha taa kwa fedha ya karo ya mdogo wake. Kazi hii na ifanywe kwa ziada, baada ya chakula, kodi, karo na madeni. Ziada ikiwa ndogo, kazi itakwenda polepole, na polepole si aibu. Mwenye kazi yake ya kila siku, akitenga alasiri mbili kwa juma, kwa mwaka ana alasiri zaidi ya mia moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Adui mkubwa wa kazi hii si kutu, bali ni pupa ya kufungua. Kijana hushika spana kwa furaha, na kwa majuma mawili hulivua gari lote: milango huku, viti kule, injini chini ya mwembe. Kufungua hakutaki fedha wala elimu, kwa hiyo huenda mbio. Kisha vyahitajika vyote viwili, na kazi husimama. Nati zachanganyika, watoto wachezea skrubu, na baada ya mwaka hapana ajuaye kipi kilikaa wapi. Hapo ndipo mnunuzi wa chuma chakavu hupata mali yake. Dawa yake ni kushika sehemu moja, kuimaliza, kuirudisha mahali pake, ndipo kuigusa nyingine. Kila kitu kipigwe picha kwa simu kabla ya kufunguliwa. Kila nati iwekwe katika mkebe wenye jina lake. Na pawe na daftari la kuandika tarehe, kazi iliyofanywa, na fedha iliyotoka.

Tuanze na injini. Watu wengi hukimbilia kutia betri na kuwasha. Injini iliyolala miaka mingi ikilazimishwa yaweza kuharibika kwa dakika moja, kwa kuwa pistoni zaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Mwenye subira hutoa plagi kwanza, humimina oili kidogo katika kila silinda, na kuacha siku kadhaa. Kisha huizungusha injini kwa mkono, taratibu. Na 404 ina tundu la hendeli mbele, kwa hiyo kazi hii ni nyepesi. Oili ya zamani imwagwe, petroli iliyooza itolewe katika tangi, na kabureta isafishwe. Injini ya kawaida ya gari hili ni ya petroli, ya senti za ujazo 1618, nayo imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Silinda zake si sehemu ya bloku, bali ni mikebe ya chuma iliyotiwa ndani na kuzungukwa na maji. Huo ni wema mkubwa, kwa kuwa silinda iliyolika hutolewa na kutiwa nyingine. Walakini wema huo una sharti: kifuniko cha juu kikisha ondolewa, mtu asiizungushe injini kabla ya kuibana mikebe ile, maana yaweza kuinuka, na maji yakapenya chini yake hadi kwenye oili.

Injini ikisha nguruma, furaha huwa kubwa, na nyumba nzima hutoka nje. Hapo ndipo pa kujizuia. Gari linalowaka lakini halisimami ni hatari kuliko gari bovu. Breki zitengenezwe kabla gari halijasogezwa hata hatua kumi. Mafuta ya breki hunyonya maji hewani. Yakikaa miaka, maji hayo huyala mabomba na silinda kwa ndani, pasipoonekana. Mipira yote ya breki ibadilishwe hata kama yaonekana mizima, na mabomba ya chuma yenye kutu yatupwe. Mtu mwenye kuona breki ni ghali na alinganishe bei yake na mtoto wa jirani apitaye njiani. Na kazi hii, kama kijana hajaifanya kabla, asiifanye pasipo fundi wa kuikagua.

Kisha ni kutu. Gari hili halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo sakafu na zile kingo chini ya milango si pambo, ni uti wa mgongo. Zikiliwa na kutu, yapasa kukata hadi kwenye chuma kizima na kuchomelea bati jipya, na kabla ya kukata, nafasi ya mlango ikazwe kwa vyuma ili bodi isipinde. Wapo wanaojaza matundu kwa gazeti na puti, wakapaka rangi juu. Kazi hiyo hupendeza mpaka masika ya kwanza. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakumaanisha kuuziba kwa karatasi.

Liko na jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Katika ekseli ya nyuma ya 404, nguvu ya injini hufika magurudumuni kwa skrubu ya chuma inayolizungusha gurudumu la shaba. Ni mtambo mtulivu na imara, lakini baadhi ya mafuta ya gia ya siku hizi yana dawa zinazoweza kuidhuru shaba. Basi mtu asitie mafuta yoyote aliyoyakuta dukani. Na aulize, na asome kitabu cha gari. Ustadi wa mikono bila kuuliza huharibu kilichokuwa kizima.

Sasa twasema na wazazi, hasa mama wa nyumba, juu ya usalama. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake; yatakiwa stendi za chuma juu ya ardhi ngumu. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa breki za miaka ile mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huleta maradhi mabaya ya mapafu. Ifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru akili za watoto wadogo, kwa hiyo isipigwe msasa mkavu mahali wanapocheza. Petroli isiwe sabuni ya kuoshea vyuma, wala isikae katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kuidhania kinywaji. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Na oili chafu isimwagwe karibu na kisima.

Mkishika haya, nyumba itapata faida kuliko gari. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mdogo aliyeshika taa leo atashika spana kesho, na binti anayependa kazi hii asifukuzwe akaambiwa si ya kwake. Kichwa kinachojua hesabu chajua pia kupima nafasi ya plagi. Waiteni mafundi wazee wa mtaa, wale waliofanya kazi na magari haya yangali mapya. Wengi wao wamekaa barazani na elimu yao, na hapana anayewauliza. Siku wakiondoka, itaondoka nao. Wapeni kiti na chai, kisha wasikilizeni.

Mwisho, kijana na ajue kwamba pengine hatafaulu. Yawezekana chuma kimeliwa mno, au fedha haikutosha, au mwenye gari amepata kazi mji mwingine. Hapana fedheha katika kuacha, ikiwa daftari liko wazi na hapana haki ya mtu iliyoliwa. Gari na liuzwe basi, au vipuri vyake vimsaidie mwingine mwenye gari kama lile. Lakini katika kuuza, mnunuzi aonyeshwe kila tundu la kutu na aambiwe kila kasoro, iliyo dhahiri na iliyofichika. Aliyeifunika kutu kwa rangi akapokea fedha hakulihuisha gari la mzee wake. Amelichafua jina lake, na jina hilo ndilo urithi ambao warithi wote wanashirikiana, bila kugawana.