Shahada ya Filamu na Kiwanja cha Zuzu

Juma hili nimepokea barua ya mzazi mmoja wa Zuzu, kando ya jiji la Dodoma. Binti yake ana shahada ya kwanza na amekwisha fanya kazi miaka miwili. Sasa anataka kwenda Uingereza kusomea shahada ya pili ya uandishi wa miswada ya filamu. Vyuo anavyovitaka ni viwili, na fedha hakuna. Mzazi anauliza kama auze kiwanja cha familia.

Kwanza, tusimcheke binti. Mswada kwa filamu ni kama ramani kwa nyumba: mwongozaji, mwigizaji na mpiga picha wote hujenga juu yake. Ramani ikiwa mbovu, hata fundi hodari hataiokoa nyumba.

Tuje kwenye vyuo. London Film School, kilichoanzishwa mwaka 1956, hufundisha uandishi huo kwa mwaka 1. National Film and Television School, kilichoanzishwa Beaconsfield mwaka 1971, huufundisha kwa miaka 2. Mwaka mmoja hupunguza gharama za chumba, chakula na nguo za baridi. Miaka miwili humpa mwanafunzi nafasi ya kuandika, kukosolewa na kuandika upya, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwandishi.

Hata hivyo, mara nyingi mfadhili ndiye anayeamua. Mpango wa Chevening wa serikali ya Uingereza hugharimia masomo ya shahada ya pili ya miezi 9 hadi 12. Humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka 2, na akihitimu arudi kwao akae miaka 2. Kwa hiyo kozi ya miaka miwili haimo. Binti akiutegemea ufadhili huo, hana budi kuuliza mapema, kwa maandishi, kama kozi anayoitaka inakubaliwa.

Ama kiwanja, mzazi mwenzangu, kisiuzwe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Ardhi ya pande hizo ikishatoka mikononi mwako, kuipata tena ni ndoto. Tena kiwanja ni cha watoto wote. Je, wadogo zake watakapofika zamu yao, utawauzia nini?

Sisemi kwamba kwenda ng'ambo ni kosa. Amil Shivji alisomea filamu katika Chuo Kikuu cha York, Toronto. Alirudi nyumbani, akaichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaitengenezea filamu ya Kiswahili iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Ufundi aliufuata mbali, lakini hadithi ilikuwa ya kwetu. Naye Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, kabla ya kwenda Ujerumani kusomea udaktari. Alipoondoka, alikuwa tayari na kazi mkononi.

Basi ushauri wangu ni huu. Binti aandike kwanza mswada mmoja kamili, kurasa 90 hivi. Kwa kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Aandike habari za watu anaowajua: abiria katika stesheni ya Zuzu, akina mama wa Kigogo na ngoma zao za muheme, au baba anayekesha akiwaza kuuza kiwanja. Akishamaliza, awasomee watu watatu wasiomwonea haya, kisha aandike tena.

Vyuo vya namna hii hutaka kuona maandishi ya mwombaji, hivyo mswada huo utakuwa barua yake ya kuombea nafasi na ufadhili. Asipoumaliza, mtakuwa mmejua mapema, na kiwanja kingali chenu.

Nawe mzazi, una sehemu yako. Mpe meza, taa na saa mbili za utulivu kila jioni. Usimtume dukani akiwa katikati ya sentensi. Huo ni mchango usiohitaji hati ya kiwanja, na bila huo hata chuo cha London hakitamfaa.