JIWE BUTU LISIKATE MSHAHARA WETU

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja wa karakana, mtu wa Msambweni avukaye Likoni kila alfajiri, amekatwa mshahara. Shingo ya ekseli aliyoisaga ilikutwa na mikwaruzo. Mchoro ulitaka uso usiozidi maikroni 0.8, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kipimo kikasoma 1.4. Wakubwa wakamwonyesha hesabu ya kompyuta iliyotabiri kuwa uso utatoka laini, wakamwambia: hesabu haikukosa, basi umekosa wewe.

Sisi hatuichukii kompyuta. Kutabiri ulaini kabla ya kazi ni jambo jema, maana chuma kilichokwisha kusagwa hakirudi. Lakini twauliza, iliambiwa nini? Iliambiwa ukubwa wa chembe za jiwe, mwendo wa jiwe, mwendo wa ekseli, na kina cha kukata. Yote hayo yana maana. Chembe kubwa huacha mifereji mipana, na ekseli ikizunguka upesi mno mbele ya jiwe, kila chembe huchimba zaidi. Lakini haikuambiwa kwamba jiwe lile lilikuwa limesaga ekseli nyingi bila kuchongwa kwa almasi, wala kwamba maji ya kupozea yalikuwa yakitoka kidogo.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya kabla ya umeme. Walisugua mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, na ndiyo sababu karatasi ya kusugulia twaiita msasa hata leo. Jani jipya hukwaruza, lililotumika kidogo hulainisha, na lililokwisha huteleza tu. Jiwe nalo ni hivyo hivyo. Almasi ikipita upesi juu yake, jiwe huwa kali na uso hutoka na mikwaruzo. Ikipita polepole, uso hutoka laini. Likizibwa na unga wa chuma, hukwaruza. Likiisha makali likang'aa, husugua badala ya kukata, na chuma huungua, pengine bila kuonekana kwa macho. Penye kuungua ndipo ufa huanzia, na ekseli hiyo inakwenda kubeba watu.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila mashini iwe na daftari: jiwe limechongwa lini, na limesaga kazi ngapi tangu hapo. Hesabu hizo ziingizwe katika kompyuta. Pili, fundi awe na ruhusa ya kusimama akachonga jiwe bila kuitwa mvivu. Tatu, kipimo cha ulaini kikae karibu na mashini, kisifungiwe ofisini mpaka siku ya kumtia mtu hatiani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kufanya kazi kwa jiwe ulilokatazwa kulichonga si kosa la makusudi. Fedha za mwenzetu zirudishwe.

Nanyi ndugu, msingoje daftari la tajiri. Anzeni leo kuandika katika daftari zenu wenyewe, kila jiwe na kila kazi. Siku ya mashauri, maneno matupu hayatatusaidia, bali maandishi.

Umoja ni nguvu.